Jicho Lisilodaiwa

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumefundishwa tangu shule ya msingi, na tumeigeuza fimbo. Mgonjwa akifa, tunauliza: alichelewa wapi? Alificha nini? Alianzia kwa mganga gani? Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji, na yule ambaye hakuficha je? Yule mama aliyevua nguo mbele ya mgeni, akakubali kukatwa kipande cha nyama mwilini mwake, kipande kikatiwa kwenye chupa na kupelekwa mji mwingine kisomwe, naye akarudi kijijini kungoja jibu? Huyo akifikiwa na kifo wakati bado anangoja, aliyeficha maradhi ni nani?

Swali hili ni la zamani, ila siku hizi limepata uzito mpya, kwa sababu amezuka msomaji mwingine wa vipande hivyo. Si daktari, wala si mtu. Ni kompyuta. Wapo watakaouliza kama kweli kompyuta inaweza kuitambua kansa ndani ya nyama. Inaweza, na nitaeleza jinsi inavyoweza. Mimi nauliza jambo jingine, la haki. Je, ni halali neno zito kama "una saratani" au "huna saratani" litolewe na kitu ambacho hakiwezi kudaiwa?

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wengi hudhani kansa hupimwa kwa tone la damu kama malaria. La hasha. Saratani nyingi huthibitishwa kwa kuitazama nyama yenyewe. Kipande hulowekwa kwenye fomalini kisioze, hukaushwa maji kwa spiriti, hugandishwa ndani ya nta, kisha huchanwa vipande vyembamba mno, vya unene wa mikroni 3 hadi 5. Unywele mmoja wa kichwani ungeuchana zaidi ya mara kumi ndipo ufikie wembamba huo. Vipande hupakwa rangi mbili: moja huvipa viini vya seli rangi ya zambarau, nyingine huifanya sehemu iliyobaki kuwa ya waridi. Ndipo kioo kinapowekwa chini ya hadubini, na daktari wa patholojia anaanza kutazama. Anatafuta nini? Anatafuta utovu wa nidhamu. Seli nzima zimepangika kama watoto mstarini asubuhi, kila moja na kiini cha wastani. Seli za saratani zina viini vikubwa, vyeusi, vya maumbo yasiyolingana. Zimesongamana, tena zinavuka mpaka na kuingia kwa jirani.

Hiyo ni kazi ya macho, na macho huchoka. Tena wenye macho hayo nchini kwetu ni wachache. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,977,608 mkoa wa Geita na 2,241,299 mkoa wa Shinyanga. Hao ni zaidi ya milioni tano, na mojawapo ya hospitali za rufaa za Kanda ya Ziwa ni Bugando, kule Mwanza. Zamani mtu wa Geita ilimbidi angoje kivuko pale Busisi; tangu Juni 2025 lipo daraja la kilomita 3 juu ya ziwa, na gari linavuka kwa dakika chache. Jambo jema sana. Lakini daraja halisomi kioo. Kipande kikishavuka, bado kinasubiri jicho.

Sasa kompyuta inafanyaje? Kioo hupigwa picha kubwa mno, yenye nukta mabilioni. Picha hukatwa viraba vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu. Programu huonyeshwa picha ambazo madaktari wameshaziwekea alama: hii ina saratani, hii haina. Inabahatisha, inakosolewa, inajirekebisha kidogo, inabahatisha tena, hivyo hivyo bila kuchoka mpaka makosa yanapungua. Hakuna mtu anayeiambia "tazama kiini kikubwa". Inajitafutia yenyewe.

Mwaka 2016 watafiti wa Uholanzi waliandaa shindano lililoitwa CAMELYON16, na matokeo yake yakachapishwa 2017. Programu mbalimbali na madaktari 11 wa patholojia walipewa picha zilezile 129 za tezi za wanawake wenye saratani ya matiti, watafute kama saratani imesambaa. Madaktari walipewa muda unaofanana na wa kazi zao za kila siku, kama saa mbili hivi kwa picha zote. Programu bora iliwapita wote. Basi habari zikaenea: mashine imemshinda daktari! Wachache walisimulia kwamba alikuwepo daktari mwingine mmoja ambaye hakuwekewa saa. Huyo alichukua kama saa 30, naye akalingana na programu bora. Kwa hiyo kilichoshindwa siku ile ni haraka. Jicho la binadamu likipewa utulivu bado ni jicho.

Karibu na kwetu zaidi, kule Kinondo, kaunti ya pwani ya Kwale nchini Kenya, kati ya Septemba 2018 na Septemba 2019, wanawake 740 wenye virusi vya UKIMWI walichukuliwa seli za mlango wa kizazi katika hospitali ya kijijini. Hizi zilikuwa seli zilizopanguswa, si nyama iliyokatwa, lakini kazi ya macho ni ileile. Mashine ndogo ya kubebeka ilipiga picha vioo, picha zikarushwa kwa mtandao wa simu, programu ikazisoma. Matokeo yalichapishwa 2021. Katika vioo vya majaribio, hakuna hata kimoja ambacho wataalamu walikiona kina mabadiliko ya hatari ya daraja la juu, halafu programu ikakipitisha kuwa ni kizima. Sasa kama Kinondo imewezekana, Nyang'hwale itashindikana nini?

Ukilipeleka jambo hili kijiweni, watu hugawanyika mara moja. Kuna wanaosema: "Bora mashine, bwana. Mashine haina njaa, haiombi ya soda, haina shemeji wa kumpitisha mbele ya foleni." Na kuna wanaosema: "Hiyo ni dharau. Tajiri asomewe na profesa, sisi tusomewe na bati!" Nawaelewa wote wawili. Wa kwanza amechoshwa na watu, wa pili anaogopa kuhesabiwa kama mzigo. Lakini wote wanabishania jicho tu: lipi kali, lipi hafifu. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Sisi wa Usukumani tuna sababu ya kutoliamini jicho peke yake, hata liwe la binadamu mwenye akili zake timamu. Kwa miaka mingi, Shinyanga na mikoa ya jirani, vikongwe waliuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Takwimu zilizokusanywa zilionyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu 3,693 waliuawa Tanzania Bara kwa imani za uchawi, 2,286 kati yao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Usukumani. Na wekundu wenyewe ulitoka wapi? Moshi. Miaka hamsini ya kuinama juu ya mafiga, kwa kuni, na kuni zilipokwisha, kwa samadi kavu na mabua ya pamba. Bibi alipika, akalea, akawapikia hata hao waliokuja kumkata.

Msomaji, litazame jambo hili kwa utulivu. Waliomtazama bibi hawakuwa vipofu. Waliona wekundu, na wekundu ulikuwepo kweli. Ishara waliiona sawasawa. Maana ya ishara ndiyo waliyofundishwa vibaya. Mtoto alikua akionyeshwa: yule mwenye macho mekundu ni mchawi, na yule, na yule. Hakuna aliyemkosoa, maana mtu akishauawa hakuna kipimo kinachorudi kusema hakuwa mchawi. Programu nayo inaweza kuharibika hivyo hivyo. Ukiifundisha kwa alama mbaya, itazishika kwa uaminifu kabisa. Ukiifundisha kwa vioo vya Ulaya tu, inaweza kuyumba ikikutana na kioo cha kwetu kilichokolezwa rangi kupita kiasi, au chenye mayai ya kichocho, ugonjwa ambao huku ziwani si mgeni. Haitajua kwamba imeyumba. Itatoa jibu lake kwa sauti ileile.

Na kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. Mpiga ramli aliyetaja jina la bibi alipokea ujira wake akaenda zake. Neno lake lilimgharimu bibi kila kitu. Na yeye msemaji lilimgharimu nini? Mara nyingi, hakuna.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Kuona ni deni. Ukimwona nyoka karibu na mtoto wa jirani ukanyamaza, huwezi kujitetea eti mtoto si wako. Kabla ya kuona ulikuwa huru. Baada ya kuona unadaiwa. Vivyo hivyo anayesoma kioo akaona seli zimeasi. Tangu dakika ile anadaiwa na mwenye nyama ile, hata kama hamjui kwa sura wala kwa jina. Anadaiwa kusema, tena mapema. Anadaiwa kuhakikisha neno limefika. Na akikosea, anadaiwa kurudi na kukiri.

Kompyuta haidaiwi. Hata ikiona vizuri kuliko sisi sote, haiwezi kukosa usingizi kwa ajili ya mama wa Kharumwa ambaye simu yake imezimwa wiki ya pili sasa. Siilaumu, deni halina mahali pa kukaa ndani yake, basi. Lakini deni lenyewe halifutiki kwa sababu hiyo. Linahama. Linakwenda kwa yule aliyeinunua, aliyeiwasha, aliyelipokea jibu lake. Hatari ya mashine hizi ni kwamba kila mmoja wa hao anaweza kumwelekezea mwenzake kidole, na wote wakaielekezea mashine.

Wapo watakaosema nakuza mambo. Basi tuchukue mfano mdogo, usiohitaji hata kompyuta. Nchini kwetu wanawake hupimwa dalili za awali za saratani ya mlango wa kizazi kwa siki. Muuguzi anapaka siki hafifu, anasubiri kama dakika moja, na sehemu iliyobadilika inageuka nyeupe. Kipimo hiki kina udhaifu wake. Jicho la muuguzi huyu si la yule. Lakini kina uungwana ambao hadubini haina. Aliyeona yuko palepale, na dalili ikiwa bado changa anaweza kuitibu siku ileile, kwa kuigandisha au kuiunguza kwa joto, kabla mama hajafunga kanga yake na kupanda bodaboda. Deni linazaliwa na kulipwa chumba kimoja. Na kwa kuwa tangu maambukizi ya kirusi cha HPV hadi kansa kamili kwa kawaida hupita miaka mingi, mara nyingi 10 hadi 20, aliyeonwa mapema ana nafasi nzuri ya kupona. Sasa ukileta mashine inayoona vizuri kuliko siki, lakini jibu lake linatoka mama ameshaondoka, umeongeza kuona na umeongeza madeni. Nani atayalipa?

Watu wa Geita hawahitaji kupelekwa chuo kikuu kulielewa hili. Wanalijua kwa dhahabu. Mchimbaji mdogo anashuka duarani, mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa mwaloni, zebaki inakamata chembe, moto unaifukuza zebaki, ndipo anabaki na kipande cha manjano kiganjani. Zamani kipande hicho kilipimwa kwa mizani ya mnunuzi, nyumbani kwa mnunuzi, na bei ikatoka mdomoni mwa mnunuzi. Mizani ile ilikuwa mashine, huenda nzuri sana. Lakini nani aliiamini? Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu Geita. Mashine za kupima ubora zimo humo, ndiyo, lakini kilichompa mchimbaji moyo ni mambo mengine: dhahabu inapimwa hadharani, maofisa wa serikali wapo, karatasi inaandikwa, na anayehisi amepunjwa anajua aende kwa nani. Haya, kama gramu tatu za dhahabu zinastahili karatasi yenye jina la aliyepima, kipande cha nyama ya mama yako kinastahili nini?

Deni hili lina upande mwingine tunaousahau. Mashine hizi hufundishwa kwa nyama za watu. Pasipo maelfu ya wagonjwa waliokatwa, programu haijui lolote. Je, nao hawadai? Historia ya Afrika Mashariki inatupa mfano. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda, ugonjwa ambao watoto wa ukanda wetu wa ziwa nao huupata. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokikuta ndani ya seli zake, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ugonjwa ukapewa jina la Burkitt, kirusi kikapewa majina ya Epstein na Barr. Watoto hawakupewa kitu kwa jina lao.

Walidhulumiwa? Nasita kusema hivyo, kwa sababu moja. Mwaka 1967 kilianzishwa Kampala kituo cha kuutibu uvimbe huo, na hicho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Maarifa yaliyotoka kwenye nyama yalirudi kwa wenye nyama, wakawepo watoto waliopona kwa dawa. Deni lililipwa, japo kwa kiasi. Basi na sisi tukiombwa vioo vyetu kufundishia programu, tusikatae kwa hofu, wala tusitoe kama mtu anayetupa marudio ya dhahabu asijue kwamba bado yana kitu. Tuulize kituo kitajengwa wapi.

Nasikia sauti ya mzee mmoja ikinijibu: "Kijana, ukingoja mpaka deni lipate mwenyewe, watu watakwisha." Ni hoja nzito, siwezi kuikimbia. Makadirio ya mwaka 2020 yaliweka wanawake 10,241 wanaopata saratani ya mlango wa kizazi Tanzania kwa mwaka mmoja, na 6,525 wanaokufa kwayo. Kuchelewa nako ni tendo. Anayesema "tungoje" naye ameshaona, kwa hiyo naye anadaiwa. Ndiyo maana sisemi mashine ingoje. Nasema ije na mtu wake.

Na mtu huyo si lazima awe profesa. Anaweza kuwa muuguzi mwenye daftari la majina, salio kwenye simu, nauli ya kumfuata mgonjwa kijijini, na ruhusa ya kumsumbua daktari. Mashine ipunguze rundo: hivi vinaonekana vizima, hivi vichache daktari avitazame leo leo, kwa utulivu. Hapo itampa kile walichonyimwa wale 11 wa lile shindano, yaani muda. Halafu daktari atie sahihi, na muuguzi atafute mwenye jina.

Kuna mtu ataniuliza jambo gumu zaidi: na pale ambapo matibabu yako mbali na fedha hakuna, ni wema kumwambia? Kwetu wengi husema usimwambie, utamuua kwa wasiwasi. Ndugu wananong'ona mlangoni, mgonjwa anaambiwa ni vidonda vya tumbo, anakufa akiwa yeye pekee asiyejua. Mimi naona hapo pia deni ni la mwenye mwili, halilipwi kwa ndugu. Kujua si dawa, nakubali. Lakini anayejua anaweza kugawa ng'ombe wake mwenyewe, kumwandikisha mtoto shule, kusamehe, kuomba kusamehewa. Kumnyima jibu ni kumnyang'anya siku zilizobaki, ambazo ni zake. Ila jibu la namna hiyo lisije kwa ujumbe wa simu. Liletwe na mtu, aketi, aseme "mayu, nimekuja", na asiondoke mpaka maswali yaishe.

Siku mashine hizi zitakapofika katika hospitali za wilaya zetu kutakuwa na shangwe. Utepe utakatwa, ngoma zitachezwa, hotuba ndefu zitasomwa kuhusu maendeleo ya sayansi na teknolojia. Sina ugomvi na utepe. Ila namwomba mtu mmoja tu katika umati ule, awe mkulima wa pamba, awe mwosha dhahabu, awe mama aliyebeba mtoto mgongoni, anyooshe mkono aulize maswali matatu. Ilifundishwa kwa vioo vya nani? Ikikosea, nani atarudi kuniambia? Na chini ya karatasi ya jibu, pale penye mstari wa sahihi, litaandikwa jina la nani?

Kama mgeni rasmi ataweza kulijibu hilo la tatu bila kugeuka kumtazama msaidizi wake, hapo tupige makofi.